Mtoto wa Namba 95: Kitabu cha Lucia Engombe Kisomwapo Kongwa

Kitabu cha Lucia Engombe, Kind Nr. 95, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 2004, chastahili kusomwa Kongwa kuliko mahali pengi. Katika wilaya hiyo ya Dodoma, penye mashamba ya karanga yaliyoanzwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, wapigania uhuru wa SWAPO, ANC, FRELIMO na wengineo walipewa kambi tangu mwaka 1964. Habari za makamanda zimeandikwa sana. Za watoto ni haba.

Engombe ni binti wa watu wa SWAPO. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka saba, alitolewa kambini Zambia akapelekwa pamoja na watoto wapatao 80 kwenye jumba la Bellin, Ujerumani ya Mashariki, walelewe wapate kuwa viongozi wa Namibia ijayo. Baba yake, aliyekuwa amehitilafiana na wakuu wa chama, aliambiwa amekwisha kufa. Kumbe yu hai. Mwaka 1990 watoto hao, ambao sasa walipata 430, walirudishwa ghafula katika nchi ambayo wengi wao hawakuiona kamwe.

Msomaji wa lugha atavutwa na mambo mawili. La kwanza ni neno Meme, ambalo kwa Kioshiwambo ni mama, na ambalo watoto walikuwa wakiwaitia walezi wao wa Kinamibia. Mswahili naye humwita mama mwanamke yeyote aliyemzidi umri, lakini mama mzazi huwa yupo nyumbani kulipa neno uzito wake. Huko Bellin hakuwapo, na cheo kikameza ujamaa.

La pili ni msemo wa watoto hao wenyewe, waliochanganya Kijerumani na lugha ya kwao wakauita Oshi-Deutsch. Kiambishi oshi- ni ndugu wa ki- ya Kiswahili. Basi jina hilo, kwa muundo wake, si jingine ila Kidachi, kama walivyosema wazee wa Tanganyika zama za Wadachi! Mtoto asiye na kwao alijijengea angalau ngeli.

Upungufu wa kitabu ni ulaini wake. Engombe aliandika pamoja na Peter Hilliges, mtunzi mzoefu, na aghalabu sentensi zakwenda sawasawa mno mahali ambapo kumbukumbu ya mtoto ingejikwaa. Oshi-Deutsch yatajwa kuliko isikikavyo. Hilo ni kosa zito, kwa kuwa ndiyo mali pekee waliyoitengeneza wenyewe.

Kongwa nako wapiganaji walizaa na wanawake wa pale, kisha wakahamishwa na vita vyao. Watoto waliobaki hawakupewa namba wala jumba. Walilelewa na mama na bibi, kwa Kigogo na Kiswahili. Atakayekwenda kuandika habari zao yampasa ayashike maneno yao kama wayasemavyo, pamoja na kigugumizi chake, kabla ya mkono wa pili kuyalainisha.