Kaya, Kihamba na Hesabu ya Watu: Kukosoa Tafsiri Mbili za Sensa Katika Rombo

Sensa ya kwanza ya Tanzania huru ilifanyika Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Tangu hapo Taifa limehesabu watu wake mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kila mara takwimu zinapotoka, sisi makada huzipokea kwa namna moja: tunanukuu jumla, tunanukuu ongezeko la asilimia, kisha tunaendelea na ajenda inayofuata. Jedwali tunaliona, lakini mahusiano ya watu yaliyomo ndani ya jedwali hatuyaoni. Makala hii inakusudia kukosoa kasoro hiyo kwa kuchukua mahali pamoja, yaani Wilaya ya Rombo katika Mkoa wa Kilimanjaro, na kuonyesha kwamba tafsiri mbili zinazosikika mara kwa mara katika semina zetu kuhusu wilaya za namna hii hazitoshi, na kwamba zote mbili zinawaficha watu wale wale.

Takwimu zinasema nini

Tuanze na mkoa. Mwaka 1967 Kilimanjaro ilikuwa na watu 652,722. Mwaka 1978 ilikuwa na 902,437. Mwaka 1988 ilikuwa na 1,108,699. Mwaka 2012 walihesabiwa 1,640,087 na mwaka 2022 walihesabiwa 1,861,934. Mtu anayeishia hapo atasema kwamba mkoa umekua karibu mara tatu, na atakuwa amesema kweli isiyo na faida. Hapana budi kuulinganisha mkoa na Taifa zima. Kati ya kila Watanzania 100 waliohesabiwa mwaka 1967, 5 walihesabiwa Kilimanjaro. Mwaka 2022 walikuwa 3 tu. Katika muda huo huo Dar es Salaam ilitoka chini ya 3 katika kila 100 ikafikia karibu 9.

Sasa tuteremke hadi wilayani. Mwaka 2012 Rombo ilikuwa na watu 260,963. Mwaka 2022 ilikuwa na 275,314. Hilo ni ongezeko la asilimia 5.5 kwa miaka kumi, na ni dogo kuliko la wilaya nyingine yoyote ya mkoa huo. Manispaa ya Moshi iliongezeka kwa asilimia 20, na Taifa zima, lililotoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, liliongezeka kwa asilimia 37. Kama Rombo ingekwenda kwa mwendo wa Taifa, mwaka 2022 ingekuwa na watu zaidi ya 358,000. Kwa hiyo kati ya hesabu hiyo na hesabu halisi kuna pengo la watu zaidi ya 83,000. Swali la kada si "Rombo ina watu wangapi?" Swali ni: wale 83,000 wako wapi, na nani anakula jasho lao?

Sehemu ya pengo hilo ni watoto ambao hawakuzaliwa, kwa kuwa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ambayo uzazi umepungua mapema. Lakini uzazi hauelezi yote. Mwaka 2012 Rombo ilikuwa na wanaume 124,528 na wanawake 136,435, yaani wanaume 91 kwa kila wanawake 100, wakati Taifa zima lilikuwa na wanaume karibu 95. Kupungua kwa uzazi hakuchagui mvulana au msichana. Uhamaji ndio unaochagua.

Tafsiri ya kwanza: "Ardhi imejaa"

Tafsiri ya kwanza husema kwamba watu wamezidi ardhi, na kwa hiyo wanaondoka kama maji yanavyofurika kwenye mtungi. Hii ni nadharia ya Malthus iliyovishwa kanzu ya Kiswahili. Udhaifu wake si kwamba inasema uongo kuhusu ufinyu wa ardhi, maana ufinyu upo na kila anayepanda kutoka Holili kwenda Mkuu na Tarakea anauona kwa macho. Udhaifu wake ni kwamba inaufanya ufinyu huo kuwa jambo la maumbile, kana kwamba mlima wenyewe ndio uliogawa viwanja.

Ardhi ya mlima ilifinywa na historia. Wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, waliweka mipaka ya msitu juu, na mashamba makubwa ya walowezi chini ya makazi ya watu, zaidi katika pande za kusini na magharibi. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo wakulima walipobanwa. Juu ya hilo ikaja kahawa. Zao hilo lilileta fedha, shule na ushirika: chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933. Lakini kahawa ni mti wa kudumu. Aliyeupanda aliikamata ardhi yake moja kwa moja, na kipande ambacho zamani kingeweza kurudi kwa ukoo na kugawiwa upya kikawa mali ya kurithisha.

Hapa ndipo penye kiini. Kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, hurithiwa kwa utaratibu maalumu. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza hupata sehemu yake, na wa mwisho hubaki na mji wa wazazi. Wale wa katikati zamani walikwenda kwa mangi kuomba pori. Pori lilipokwisha, pori lao likawa ni mjini. Binti hakuwa na hesabu katika mgawo huo. Kwa hiyo aliyeondoka hakuondolewa na idadi. Aliondolewa na utaratibu wa umilikaji. Kusema "ardhi imejaa" bila kusema imejaa mikononi mwa nani, na kwa kanuni gani, ni kuacha kazi katikati.

Wengine husema kwamba chanzo ni kuanguka kwa bei ya kahawa baada ya mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989. Bei ile kweli iliwaumiza wakulima. Lakini tutazame tarehe. Kati ya 1967 na 1978 mkoa uliongezeka kwa asilimia 38 na Taifa kwa 42: tofauti ndogo. Kati ya 1978 na 1988, yaani kabla mkataba ule haujavunjika, mkoa uliongezeka kwa asilimia 23 tu na Taifa kwa 32. Bei ya 1989 iliukuta mlango umekwisha kufunguliwa, ikausukuma.

Tafsiri ya pili: "Familia imevunjika"

Tafsiri ya pili ni ya maadili. Wastani wa watu katika kaya nchini ulikuwa 4.7 mwaka 2012, ukawa 4.3 mwaka 2022. Kilimanjaro ilikuwa tayari na wastani wa 4.3 mwaka 2012, yaani ilitangulia Taifa kwa miaka kumi. Wako wanaoona takwimu hizo wakalalamika kwamba vijana wameiga ubinafsi, wameuacha udugu, na kwamba ule ujamaa wa jamaa alioueleza Mwalimu Nyerere katika maandishi yake ya mwaka 1962 umekufa.

Kwanza, tujue sensa inahesabu nini. Kaya katika sensa ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana katika matumizi, wale tunaosema wanakula chungu kimoja. Na sensa zetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Sensa zote sita zimefanyika Agosti. Kila anayeijua Rombo anajua kwamba Desemba ni habari nyingine: mabasi hujaa, barabara za vijijini hufungwa na magari, na nyumba zilizofungwa mwaka mzima huwashwa taa. Laiti tungehesabu usiku wa kuamkia Krismasi, tungepata Rombo nyingine na wastani mwingine wa kaya. Familia haikuvunjika, imetandazwa. Chungu kimoja kimekuwa vyungu viwili, kimoja mlimani na kimoja Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo ya mpaka, lakini ada ya shule, gharama za matibabu na za mazishi bado hupita kati ya vyungu hivyo.

Pili, wastani hauna tabaka. Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya kwanza ina bibi wa miaka 70 na wajukuu wawili. Nyumba ya pili ina mfanyabiashara, mkewe na mtoto mmoja. Katika jedwali zote mbili ni kaya za watu watatu. Lakini katika ya kwanza hakuna mtu mwenye nguvu za kazi, na migomba inazeeka kwa kukosa samadi. Katika ya pili kuna mtaji na gari, na labda vihamba viwili vilivyonunuliwa kwa wasiojiweza. Anayesema "kaya zetu sasa ni ndogo" amewaweka mnyonge na mwenye nacho katika mizani moja, akasoma uzito wa pamoja.

Uhusiano unaofichwa

Tafsiri zote mbili, ile ya ardhi na ile ya maadili, hazioni kazi. Tuiulize kaya swali la uzalishaji: ndani yake nani anazalisha nini, na mazao yanakwenda wapi?

Kazi kubwa ya kihamba leo ni kulea nguvu kazi. Mtoto anazaliwa, analishwa ndizi na maziwa, anasomeshwa, anauguzwa, mpaka anafikia umri wa kazi. Gharama hiyo yote inalipwa mlimani, na sehemu kubwa inalipwa kwa kazi isiyo na mshahara ya mwanamke: yeye ndiye anayeteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani, yeye ndiye anayepalilia migomba, yeye ndiye anayemlea mjukuu. Kijana akikomaa, mji unampokea akiwa tayari. Mwajiri wa mjini hulipa ujira wa mtu mmoja, na hakulipa hata senti ya ule ulezi wa miaka 18. Mtu huyo akizeeka au akiugua hurudishwa mlimani, na ulezi unaanza upya. Hivyo wilaya "isiyokua" ni wilaya inayozalisha bila kukoma na kupeleka mazao yake nje bila bei.

Mahakama ya Rufani ilikwisha kuliona jambo hili upande mmoja mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilipokubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Lakini sheria imefika kwenye karatasi kabla ya kufika kihambani. Anayekifanyia kazi kihamba mara nyingi si mwenye kihamba, na mwenye kihamba mara nyingi hakulala pale usiku wa sensa.

Tujikosoe

Tusiwalaumu wengine tu. Chama nacho kimekuwa na upofu wake. Wakati wa operesheni vijiji, kati ya 1973 na 1976, Kilimanjaro ilionekana haina tatizo kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kukaa karibu karibu. Vijiji viliandikishwa pale pale vilipokuwa. Tukadhani kukaa pamoja ni kuzalisha pamoja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982; katika miaka ile mkulima mdogo alikosa chombo chake mwenyewe, na ndiyo miaka ambayo tofauti kati ya mkoa na Taifa inaanza kuonekana wazi katika hesabu. Sidai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Nadai kwamba hatukuuliza.

Na kosa hilo lina gharama leo. Idadi ya watu ni moja ya vigezo vya kugawa ruzuku kwa halmashauri. Wilaya ambayo vijana wake wanahesabiwa kwingine itaonekana kuwa na mahitaji madogo, wakati waliobaki ni wazee, watoto na wanawake wanaowalea wote wawili, yaani wale hasa wanaohitaji zahanati na maji karibu.

Wajibu wa kada

Kwanza, kila shina lijue watu wake kuliko jedwali linavyowajua. Balozi anaweza kuandika katika daftari: nyumba hii wamelala wangapi, wangapi wako nje, nani analima, nani anamiliki, nani analetewa fedha na nani haletewi. Hakuna karani wa sensa atakayeuliza hayo yote.

Pili, tusikubali taarifa yoyote yenye wastani bila mgawanyo wa jinsia, umri na umilikaji. Wastani uliokaa peke yake ni pazia.

Tatu, vihamba vilivyolala viwe ajenda ya mkutano wa kijiji na ya chama cha msingi cha ushirika. Si kuwanyang'anya walio mbali, bali kuweka mikataba ya wazi ili mwanamke na kijana aliyebaki walime kwa uhakika wa msimu baada ya msimu, na majina ya wanawake yaandikwe katika hatimiliki za kimila.

Nne, mafungu ya wilaya zinazolea nguvu kazi ya Taifa yatetewe katika vikao kwa hoja hiyo hiyo: kwamba zinalea.

Kutoka 2002 hadi 2022 jedwali linaonyesha kwamba Rombo imeongeza watu wasiofikia 30,000. Anayesoma hapo tu ataona wilaya iliyosimama. Anayekwenda nyumba hadi nyumba ataona bibi akipanda mlima na mzigo wa majani, akimlea mtoto ambaye sensa ijayo itamhesabu mahali pengine. Kazi ya itikadi ni kumwezesha kada kuwaona wote wawili.