Baiti Moja kwa Kila Mkono

Mwaka 1987 kadi ya mtandao ilikuwa kitu cha ofisini, na bei yake ya ofisini vilevile. Mwenye kompyuta nyumbani aliweza kuunga mbili kwa waya, basi. Mwaka huohuo Xanth Software F/X wa Marekani walitoa MIDI Maze, mchezo wa kuwindana vichochoroni uliokutanisha hadi watu 16, kila mmoja na kompyuta yake ya Atari ST, bila kadi yoyote ya mtandao.

Siri ilikuwa kwenye matundu mawili ya MIDI yaliyokuja na kila Atari ST, moja la kutoa na moja la kuingiza. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vinanda vya umeme. Hata wasambazaji wa mchezo, Hybrid Arts, walikuwa wauza programu za muziki.

Ufungaji wenyewe ni huu: waya unatoka tundu la kutoa la mashine ya kwanza na kuingia tundu la kuingiza la pili, ya pili inaunga ya tatu, ya mwisho inarudi kwa ya kwanza. Ni kama vibarua wanaomwaga zege: karai linapokewa upande mmoja na kukabidhiwa upande wa pili, halirudi nyuma. Uzuri mwingine wa MIDI ni kwamba umeme wa mashine mbili haugusani. Ndani ya tundu la kuingiza mna kitaa kidogo kinachowaka na kuzima, na kipokea mwanga mbele yake. Kinachovuka ni mwanga tu. Basi hata mashine zikichomekwa kwenye soketi za vyumba tofauti, haziingiliani.

Hesabu ndiyo iliyobana. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti huhitaji biti 10, yaani 8 za taarifa, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, kwa hiyo zinapita baiti 3,125 tu. Picha moja ya skrini ya rangi ya Atari ST ina baiti 32,000. Kuituma kwa jirani kungechukua zaidi ya sekunde 10. Risasi ungeiona ukiwa marehemu wa siku nyingi.

Basi picha haikutumwa. Kilichozungushwa ni mkono wa mchezaji: jostiki imeelekea wapi, kitufe kimebonyezwa au la. Yote hayo yanaenea kwenye baiti moja. Kila mashine ilikuwa na ramani nzima na wachezaji wote ndani yake. Ikishapokea baiti za wenzake, inawasogeza wote kwa kanuni ileile. Wakianza sawa na kupata amri sawa, watafika sawa. Baiti 16 hupita kwenye waya kwa milisekunde 5 hivi, na muda unaobaki ni wa kuchora.

Gharama yake ipo. Mmoja akijikwaa na kuchomoa waya, wote 16 wanaganda, kama kibarua mmoja anapoweka mikono kiunoni. Mashine inayochelewa inawachelewesha wote. Tena, kwa kuwa hakuna anayetangaza yuko wapi, baiti moja ikiharibika njiani, mashine mbili zinaweza kuendelea na michezo miwili tofauti bila kujua: kwako nimekufa, kwangu bado nakimbia.

Hata hivyo njia hiyo haikuzeeka. Mwaka 1997 mchezo wa vita wa Age of Empires uliingia sokoni wakati wachezaji wengi walikuwa wakitegemea modemu za simu. Watengenezaji wake wangetuma mahali alipo kila askari, laini isingebeba. Wakatuma amri tu, na kila kompyuta ikapigana vita vyote peke yake. Mamia ya askari uwanjani. Kwenye waya, kubofya kwa kidole cha mchezaji.