Kwa Nini Watoto wa Sansevieria Hutoka Kijani Tupu

Mtu ananunua sansevieria ya ukingo wa njano, ile ya majani marefu yaliyosimama kama mapanga. Anakata jani moja, analipanda, linashika vizuri. Miezi inapita, watoto wanaibuka kijani tupu, bila hata uzi wa njano. Wengi hulaumu udongo au kivuli, ilhali kazi ilifanyika sawasawa. Njia aliyoitumia ndiyo isiyoweza kutoa alichokitaka.

Kupanda kwa jani ni ufundi mzuri na unastahili kueleweka. Jani lililokomaa hukatwa kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, vipande vya sentimita 7 hadi 10. Hapa ndipo wengi hukosea: kila kipande kina juu na chini, na mizizi hutoka upande uliokuwa karibu na udongo. Ukikifukia kichwa chini miguu juu, kitakaa hapo mpaka kioze. Wazoefu hukata ncha ya chini mshazari na ya juu wakainyoosha, ili vipande vikichanganyika mezani wasipotee.

Kisha vipande hulazwa kivulini siku 2 hadi 4, mpaka kidonda kifanye ngozi kavu, ngumu kidogo ukiigusa. Mwambao wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, ongeza siku. Kidonda kibichi kikikutana na udongo mbichi, ukungu huingia na kipande hulainika kuanzia chini. Changanya udongo na mchanga wa mtoni nusu kwa nusu. Wa baharini una chumvi. Chungu lazima kiwe na tundu.

Kipande hicho huvumilia wiki nyingi bila mizizi kwa kuwa kina maji ndani, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka zaidi usiku, jua likiwa limezama, hivyo maji kidogo tu hupotea. Basi mwagilia pale tu udongo unapokauka. Mizizi huchukua mwezi mmoja au miwili, chipukizi huchelewa zaidi, na baridi ya Julai ya Nairobi au Iringa huchelewesha yote.

Sasa rangi. Jani la ukingo wa njano limejengwa na aina mbili za seli zinazoishi pamoja: za katikati zina umbijani, za ukingoni hazina uwezo wa kuutengeneza. Mpangilio huo hutunzwa kwenye ncha ya ukuaji, ambako seli hizo zimekaa kwa tabaka. Kipande cha jani hakina ncha hiyo. Chipukizi lake huzaliwa upya kutokana na seli chache za ndani, ambazo kwa kawaida ni za kijani, na mtoto hurithi hizo peke yake. Mbolea haiwezi kurudisha tabaka ambalo halikuingia katika uzao.

Tunguu lililo chini ya udongo lina macho yaliyokwisha kubeba tabaka zote, kwa hiyo maotea yake hutoka na ukingo wao. Ukingo huo uliitwa Laurentii kwa heshima ya Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, na umesambaa duniani kwa kugawanywa, mama na mtoto, chungu hadi chungu. Nauona ni urithi wa kutunzwa.

Kwa hiyo, kama unataka miche mingi na rangi si hoja, kata majani. Kama unataka ukingo wa njano, ng'oa mmea mzima, kung'uta udongo, tafuta tunguu nene linalounganisha mama na mwana, ulikate hapo. Kila kipande kibaki na mizizi na angalau shada moja la majani. Kiache kidonda kikauke, panda, na subiri siku chache kabla ya kumwagilia.