Choo kikavu, paa pana na nyota za Chumbe

Uchambuzi wa kisiwa cha kitalii kwa kawaida huanza na samaki. Huu unaanzia chooni. Katika Kisiwa cha Chumbe, kilomita 12 hivi kusini-magharibi mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, choo hakina maji ya kuvuta. Aliyemaliza haja huchota kata ya takataka kavu za majani, akazimwaga shimoni, akafunika, akaenda zake ufukweni. Bomba la hewa lililosimama juu ya paa huvuta harufu na unyevu, na vijidudu vinavyohitaji hewa hufanya kazi yao taratibu mpaka kilichobaki kiwe mboji. Hakuna kinachoteremka baharini. Samaki watatajwa baadaye, na wako wengi kwa sababu, pamoja na mengine, ya choo hicho.

Msomaji wa Merigi, kule Bomet Mashariki, huenda asione la ajabu. Choo cha shimo anakijua tangu utotoni. Gata, mabati na tangi la maji ya mvua pembeni mwa nyumba ni mali ya kila boma linalojiweza. Kitakachomshangaza ni bei: wageni hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja ili watumie choo kisicho na maji na waoge maji ya mvua. Kuna nini basi? Ziko nyumba chache pwani ya Afrika Mashariki ambako snokeli ya mchana, wanyama wa usiku na anga yenye giza safi vimepatikana kwa mpango mmoja wa ujenzi. Mpango huo unastahili kufunuliwa kiungo kwa kiungo.

Mwanzilishi wake ni Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi katika miradi ya misaada kabla ya kuamua kutafuta tumbawe la kulihifadhi. Kampuni ya Chumbe Island Coral Park ilianzishwa mwaka 1992. Mwishoni mwa 1994 Serikali ya Zanzibar ikatangaza mwamba wa upande wa magharibi wa kisiwa kuwa hifadhi, na mwaka uliofuata msitu nao ukafungwa. Hivyo ikapatikana hifadhi ya bahari inayoendeshwa na kampuni binafsi, jambo lililokuwa geni kabisa wakati huo. Kenya ilikuwa na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu tangu 1968, lakini zile ni za serikali, zenye askari wa serikali na bajeti ya serikali.

Uteuzi wa mahali ulikuwa nusu ya ushindi. Upande wa magharibi wa Chumbe unapakana na mkondo wa meli ziendazo Dar es Salaam, na eneo lile lilikuwa chini ya macho ya jeshi. Wavuvi wadogo hawakuruhusiwa kutega hapo, na wengi hawakuwa na vyombo vya kufika. Mwamba ulikuwa mzima hata kabla ya mradi. Hili linafaa kusemwa wazi, maana mara nyingi husimuliwa kana kwamba tumbawe lilifufuliwa. Lililofanyika Chumbe ni kuzuia ambacho hakijaharibika kisiharibike, na kazi hiyo haipigiwi makofi kama ile ya kufufua.

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Chumbe hakina chemchemi wala kisima. Kisiwa chote, urefu wa kilomita moja na ushei na upana wa mita 300 hivi, ni jiwe la matumbawe ya kale lililoinuka juu ya bahari; mvua ikinyesha hupenya matunduni, na kuikinga chini ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Kila banda likajengwa liwe kisima chake lenyewe. Paa la makuti ni pana kuliko chumba kinavyohitaji, kwa sababu kazi yake kubwa ni kukinga. Maji hupita kwenye chujio la changarawe na mchanga, yakaingia kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Mgeni anayetaka kuoga husukuma pampu ya mkono, maji yakapanda na kupashwa moto na jua.

Hesabu yake ni ileile kila mahali duniani: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya Merigi yenye paa la mita za mraba 60 ikipigwa na mvua ya milimita 20 jioni moja, lita 1,200 zimepita kwenye gata, ukiondoa zilizoruka pembeni. Tofauti iko kwenye kungoja. Nchi ya chai hupata mvua karibu mwaka mzima, na tangi la kiasi linatosha mpaka wingu lijalo. Zanzibar masika ni Machi hadi Mei, vuli ni mwishoni mwa mwaka, na katikati hapo kuna miezi mirefu ya ukame. Tangi la Chumbe lazima libebe miezi hiyo yote. Ndiyo maana limefichwa chini ya nyumba: ukubwa wake ungeliharibu banda kama lingewekwa nje.

Maji yakishaoga mtu, yanakwenda wapi? Hapa ndipo mpango ulipofanywa kwa umakini zaidi, na hapa mkulima wa chai anaelewa haraka kuliko mtalii. Gunia la mbolea ya NPK, lile la 26-5-5 linalobebwa mgongoni kutoka kituo cha kununulia chai, ndilo linalofanya kichaka kitoe matawi mapya. Kinachostawisha chai huua tumbawe. Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo wanaoishi na mwani wa kuonekana kwa darubini ndani ya miili yao, na ushirika huo umezoea maji maangavu yasiyo na lishe nyingi. Naitrojeni na fosforasi zikimwagika, magugu ya baharini hukua upesi, yakafunika jiwe na kukata mwanga. Mkojo una zote mbili, na baadhi ya sabuni zina fosforasi. Kwa hiyo maji ya bafuni Chumbe huchujwa kwa changarawe, kisha huingizwa kwenye bustani ndogo za mimea yenye njaa, inayofyonza lishe ile kabla haijafika mwambani. Shimo la maji taka la kawaida lisingefaa. Kwenye jiwe lenye matundu, kila kitu kingevuja hadi baharini.

Vitu hivi havikuwa rahisi. Vifaa vililetwa kwa boti, mashine nzito hazikuingia msituni, na vibali vilipita mikononi mwa idara nyingi. Uwekezaji ulifikia takriban dola milioni 1.2 na wageni walianza kupokelewa rasmi mwaka 1998. Mabanda ni saba tu. Mhasibu yeyote angependekeza thelathini, lakini idadi ya saba inatokana na hesabu ya maji na kinyesi, na hesabu hiyo haina huruma.

Mwaka huohuo wa 1998 bahari ikapata joto kwa sababu ya El Niño, na matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakapauka na kufa. Choo kikavu hakizuii joto la bahari. Kinachoweza kufanya ni kuliacha tumbawe bila adui wa pili wakati linapopigana na wa kwanza.

Ulinzi wa mwamba nao una ufundi wake. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya Unguja, wakafundishwa kuogelea na mrija, majina ya samaki, na kuandika kumbukumbu. Silaha hawakupewa. Ngalawa ikivuka mpaka, mlinzi huiendea na kuzungumza na wenyewe: hapa ndipo samaki wanapotaga, watoto wao wakijaa watatoka kuja kwenye nyavu zenu. Ni hoja ya mvuvi kwa mvuvi, na ina nguvu kuliko bunduki ya mgeni asiyejua mtego wa dema ni nini. Hoja hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na wanakijiji wa Kuruwitu, kaskazini mwa Mombasa, walipofunga kipande cha bahari yao mwaka 2005.

Mgeni wa Chumbe huingia majini na mlinzi kama huyo. Mitungi ya hewa ni marufuku kwa watalii. Miwani, mrija na mapezi vinatosha kwa kuwa mwamba uko karibu na uso wa maji. Zaidi ya aina 400 za samaki zimeorodheshwa hapo, pamoja na matumbawe magumu ya aina zinazozidi 200. Anayezungumza kwa takwimu atafurahi. Asiyependa takwimu aangalie kasuku wa baharini akitafuna jiwe: mlio wake unasikika chini ya maji, na kitokacho upande wa pili ni mchanga mweupe ambao watu huutandikia taulo.

Usiku zamu ni ya kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote waishio nchi kavu. Hufikia kilo nne, hupanda miti, na huko Okinawa watafiti walipima bano la mmoja wa kilo mbili na kidogo likafikia nguvu ya niutoni 1,765. Mtoto wake huanza maisha baharini. Mzee akitupwa baharini hufa maji. Pwani nyingi zimemmaliza kwa kumla. Chumbe wamebaki, na mwaka 1997 mradi ulifanya kazi ambayo haionekani kwenye picha yoyote ya matangazo: uliangamiza panya weusi wa kisiwa kizima. Panya hula mayai ya ndege, machipukizi, na chochote kidogo kinachotambaa. Kutoa panya kisiwani ni kazi ya yote au sivyo, kwani akibaki jike mmoja mwenye mimba kazi imepotea. Baadaye kidogo wakaletwa paa nunga kutoka Unguja, swala mdogo adimu ambaye nje ya Zanzibar hupatikana tu katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Msitu mkavu unamfaa, kwani maji yake huyapata majanini.

Giza limetokana na maamuzi yaleyale. Umeme ni wa sola, wa kiasi cha taa chache ndogo. Jenereta haiungurumi, njia hazina taa za nguzo, na mgeni hutembea na tochi ili asimkanyage kaa. Walioamua hivyo walikuwa wakiwafikiria wanyama wa usiku. Anga nyeusi ilikuja kama nyongeza kwenye mzani wa muuzaji mwema. Mwanga wa mji huonekana upande wa kaskazini, na mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904 bado unaongoza meli. Ukiacha hivyo viwili, Njia Nyeupe imetandazwa toka upeo hadi upeo.

Je, Merigi haina nyota? Inazo, tena kwa hewa nyepesi zaidi, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Ila upepo unyevu wa Ziwa Victoria hupanda mchana, ukageuka wingu, radi na ile mvua ya mawe inayotoboa majani chai, na jioni mara nyingi anga imefungwa. Mawingu yakipasuka, tofauti ya anga hizo mbili ni ndogo ya kupimika kwa mkono. Merigi iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, Chumbe digrii sita na kidogo. Msalaba wa Kusini husimama Chumbe juu zaidi kwa vidole vitatu hivi vya mkono ulionyooshwa. Wakati wake mzuri wa jioni ni Mei na Juni, na hapo kuna kichekesho: kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Juni Chumbe hufungwa kwa sababu ya masika. Matangi hujaa bila mtu kuoga, na Msalaba hupita juu ya vitanda vitupu.

Desemba ina kundi jingine la nyota. Waswahili huliita Kilimia, kwa kuwa liliwaongoza wakulima. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, jamaa wa Wakipsigis, aliandika kwamba kundi hilohilo huitwa Koremerik na kwamba lilitazamwa kukadiria mavuno. Mzee wa Merigi na nahodha wa Unguja wangeweza kuonyeshana kwa kidole bila mkalimani.

Bei inabaki kuwa ukuta. Bonasi ya Oktoba ya mkulima mdogo wa chai haikukusudiwa banda la Chumbe. Mradi hautafuti faida, na sehemu ya mapato hulipia safari za wanafunzi wa Zanzibar, wengi wao wakiwa wamezaliwa mita chache kutoka baharini bila kuwahi kutazama chini yake. Ni jibu zuri kwa Zanzibar. Mtoto wa Bomet bado yuko nje. Kwake njia fupi zaidi ni kuteremka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, na kupanda boti ya kwenda Kisite, ambako mwamba ni mzuri ingawa boti nazo ni nyingi.

Anayekwenda, kokote kati ya huko kuwili, apange safari kwa mwezi wa angani. Mwezi mwandamo huleta giza la kutazamia nyota, na huleta pia bamvua. Pwani hii maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku, na hujaa saa kumi hivi, tofauti ikikaribia mita nne. Kwenye mwamba wa maji mafupi, saa nne asubuhi ni saa ya kutembea ukingoni kutazama madimbwi. Snokeli ingojee hadi saa tisa, maji yakipanda juu ya matumbawe kiasi cha tumbo kutokwaruza. Baada ya chakula cha usiku ni zamu ya tochi na kaa. Kisha, inapofika tena saa nne mwishoni mwa Desemba, maji yakiwa yamekwenda mbali na mwamba ukilialia kwa matone, Kilimia kitakuwa kimefika kileleni mwa safari yake upande wa kaskazini, na mnara wa 1904 utaendelea kuwaka na kuzima.