Burton na Kamari ya Unyamwezi

Richard Burton alipita Kigwa mwaka 1857, akaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Katika kitabu cha safari hiyo, kilichopigwa chapa 1860, asimulia kwamba Wanyamwezi wengi walicheza kamari hata wakajiuza utumwani, na kwamba waliweka dau mama zao wakongwe kwa ng'ombe mmoja au mbuzi wawili, bei ambayo yeye aitaja kwa dhihaka.

Habari hiyo yafaa kuhifadhiwa. Hukumu yake yafaa kukataliwa. Burton alimwona mtu aliyeshindwa kujizuia, akaandika tabia ya kabila. Ferster na Skinner walionyesha mwaka 1957, kwa majaribio ya njiwa, kwamba tuzo isiyo na mpango ndiyo imshikayo mtendaji kwa muda mrefu kuliko ile ya hakika. Mpagazi aliyeshika ujira wake wa nguo, akakaa bure Kazeh akingojea msafara, hakuhitaji damu ya Kinyamwezi ili anaswe.

Kiswahili chasema vema zaidi: kamari imemteka. Mtenda ni kamari, mtu ni mtendwa. Lakini jina la hali yenyewe latutatiza. Uraibu, kwa watu wa pwani, ulikuwa tambuu na tumbaku, yaani kitu cha kinywani. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu 2022, laweka kamari kundi moja na pombe na bangi. Kwa hiyo naona waliolipanua neno hili hawakuliharibu.