Paa Lililoumbwa kwa Ajili ya Upepo

Mgeni wa California Academy of Sciences, makumbusho na kituo cha elimu ya sayansi kilichomo ndani ya Golden Gate Park, San Francisco, hukimbilia kuitazama bustani ya mimea milioni 1.7 iliyopandwa juu ya paa. Inapendeza kweli. Ila kazi ngumu inafanywa na umbo la paa lenyewe.

Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 2008, baada ya lile la zamani kuharibiwa na tetemeko la 1989. Msanifu Renzo Piano alilipa paa vilima. Viwili vikubwa vimefunika makuba mawili: moja la ukumbi wa sayari, jingine la msitu wa mvua. Hewa baridi hushuka kwenye miteremko mikali ya vilima hivyo na kuingia uani, katikati ya jengo. Ile ya ndani ikipata joto hupanda, ikakuta vileleni madirisha ya duara yanayofunguka yenyewe, ikatoka. Ndiyo maana kumbi kubwa za maonyesho hupoa kwa upepo tu. Udongo wa paa, wenye kina cha sentimita 15 hivi, hunywa maji ya mvua na kuzuia jua lisipenye.

Kutani kuna jambo la kuwafurahisha wauza mitumba: kihami joto ni mabaki ya jinzi yaliyochambuliwa yakarudi kuwa pamba. Nyuzi zake hunasa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Fundi huishika kwa mikono mitupu. Sufi ya kioo ingemwasha. Kwenye zege, sehemu ya saruji ilibadilishwa na majivu ya makaa ya mawe na taka za tanuri za chuma, kwa kuwa kuoka saruji hula nishati nyingi.

Ukingoni mwa paa zimo seli 60,000 za umeme wa jua, na wapiga picha wanazipenda. Mchango wake haufiki mbali: si zaidi ya asilimia 10 ya umeme unaotumika.

Anayetaka kuliiga jengo hili Dar es Salaam au Mombasa ajue kwamba San Francisco ina hewa baridi ya bahari karibu mwaka mzima. Kwetu upepo ni wa joto na unyevu, kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye kivuli, baraza pana na madirisha yanayotazamana. Mabomba ya maji moto waliyoyalaza sakafuni tuwaachie wenyewe.