Kilio cha Susa: Aeschylus na Mchezo wa Waajemi

Mchezo uitwao Waajemi, ulioonyeshwa Athens mwaka 472 kabla ya Kristo, ndio wa kale kuliko tanzia zote za Wayunani zilizobaki nzima. (Miaka yote itajwayo hapa ni ya kabla ya Kristo.) Mtunzi wake, Aeschylus, alipigana Marathon mwaka 490, na ndugu yake aliuawa huko. Miaka kumi baadaye Waajemi walirudi, wakaiteketeza Athens, kisha merikebu zao zikavunjwa katika mlango wa bahari wa Salamis. Watazamaji wa mchezo walikaa kwenye mteremko wa Acropolis, chini ya mahekalu yaliyoungua na ambayo yalikuwa hayajajengwa upya. Watu wa namna hiyo wangetazamia kuonyeshwa ushindi wao. Aeschylus aliwaonyesha msiba wa adui: mahali ni Susa, mji wa mfalme wa Uajemi, na hakuna Myunani hata mmoja atokeaye mbele ya watu.

Ili kuupima uamuzi huo yafaa kukumbuka yaliyompata Phrynichus. Yeye alitunga mchezo juu ya kutekwa kwa Miletus, mji wa Wayunani ulioangushwa na Waajemi mwaka 494. Herodotus asimulia kwamba watazamaji waliangua kilio, na mtunzi akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wa kwao wenyewe. Tena mchezo ukapigwa marufuku. Watu wa Athens basi hawakuyakataa machozi, ila yale yaliyowagusa wao. Msiba wa Susa ulikuwa mbali, na Aeschylus alipata tuzo ya kwanza.

Je, alistahili kwa huruma yake au kwa majigambo yake? Wahakiki wamegawanyika, na kila upande una ushahidi. Mwaka 405 Aristophanes, katika mchezo wake wa kuchekesha uitwao Vyura, alimleta Aeschylus, aliyekwisha kufa zamani, akijisifu kwamba kwa Waajemi aliwafundisha raia kutamani daima kuwashinda adui zao. Hapana shaka wako waliousikia hivyo. Lakini msomaji na aitazame hotuba ya tarishi aletaye habari za vita. Hataji jina la mpiganaji wa Kiyunani hata mmoja. Wakuu wa Waajemi waliokufa awataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja apewa kifo chake: huyu maiti yake yagongwagongwa pwani penye miamba, yule ndevu zake zimegeuka rangi kwa damu. Kisha yaja maneno ya kutisha kuliko yote. Wayunani, asema, waliwapiga watu waliokuwa majini kwa vipande vya makasia, kama wavuvi wapigavyo jodari. Mwenye kujigamba tu asingeuchagua mfano huu. Aliyeketi kutazama, na pengine mwaka ule alikuwa na kasia mkononi, ajiona hapa kwa macho ya yule apigwaye.

Tena iko ndoto ya mama wa mfalme. Aona wanawake wawili, mmoja kavaa Kiajemi, mwingine Kiyunani, na asema wazi kwamba ni ndugu wa ukoo mmoja. Xerxes awafunga nira katika gari lake. Mmoja atii, wa pili aivunja nira na kumwangusha. Wadaio kwamba mchezo wote ni dharau kwa Waajemi hawajaeleza bado kwa nini mtunzi aliwafanya ndugu.

Roho ya Darius ni sehemu dhaifu. Yamlaumu mwana kwa kuifunga bahari kwa daraja la merikebu, kana kwamba baba hakupata kuvusha jeshi lake kwa daraja la namna hiyo hiyo. Historia imepindwa ili baba awe na busara na mwana awe mpumbavu.

Lakini upungufu mkubwa umo mahali pasifiwapo zaidi. Mama wa mfalme auliza habari za Athens, na wazee wamjibu kwamba watu wake si watumwa wa mtu wala raia wa mfalme yeyote. Mistari michache tu kabla ya jibu hilo, wazee hao hao wametaja utajiri wa mji ule: chemchemi ya fedha iliyo ardhini. Fedha hiyo ni ya machimbo ya Laurion. Themistocles aliwashawishi raia wasigawane drakma kumi kumi, bali wajenge merikebu, na hizo ndizo zilizoshinda Salamis. Waliochimba mashimoni walikuwa watumwa. Tanzia iliyoweza kumlilia adui kwa jina lake haikuwaona watu hawa, ijapokuwa yasimama juu ya kazi yao.

Na si hao tu. Hila iliyomvuta Xerxes aingize merikebu zake katika mlango wa Salamis ililetwa, kwa masimulizi ya Herodotus, na Sicinnus, mtumwa wa Themistocles na mlezi wa watoto wake, ambaye baadaye bwana wake alimpatia mali na uraia wa mji wa Thespiae. Katika mchezo tarishi asema tu kwamba alikuja mtu mmoja, Myunani, kutoka jeshi la Athens.